NGOZI YA KAMERA KUUKUU: KUITENGENEZA BILA KUIHARIBU, NA BILA KUJIHARIBU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na mwanachama, fundi wa viti katika karakana ya mabehewa ya reli.)



Halmashauri ya tawi iliniomba niseme juu ya kazi moja ya mikono ambayo mwanachama aweza kuifanya nyumbani baada ya zamu, au baada ya kustaafu, bila kununua mashine. Nimechagua kazi ya ngozi za kamera za zamani. Baadhi yenu mtacheka. Mtasema, siku hizi kila mtu ana kamera ndani ya simu yake, nani atashughulika na sanduku la babu? Lakini kamera hizo zinatafutwa kwa sababu hiyo hiyo: nyingi hazitengenezwi tena. Wako vijana wanaopiga picha za filamu, wako wanaozikusanya, na wako wanaotaka tu kumbukumbu ya wazee wao ikae mezani ikiwa safi.

Na nyingi zimo katika masanduku ya nyumba zetu. Babu alinunua, baba akarithi, sasa iko chini ya kitanda na ngozi yake inamenyuka kama ganda la mhogo. Mtu wa mjini akija kusema, "Hii ni takataka, nitakupa shilingi mia tano," mwenyewe hushukuru. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kamera hizo ziliundwa na wafanya kazi kama sisi, na anayejua kazi yake hauzi kitu kwa bei ya taka wala haharibu kitu kwa haraka.

Basi nitasema mambo matatu: kujua ulichoshika, kukitengeneza, na kujilinda wewe mwenyewe.

JUA ULICHOSHIKA

Si kila kinachofanana na ngozi ni ngozi. Kamera ya Brownie ya kampuni ya Kodak, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1900 kwa dola moja ya Kimarekani, ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lililovikwa ngozi ya bandia. Rolleiflex, iliyotoka Braunschweig, Ujerumani, mwaka wa 1929, ilivikwa ngozi. Leica ya kwanza, iliyouzwa kuanzia mwaka wa 1925 na kiwanda cha Leitz cha Wetzlar, haikuvikwa ngozi hata kidogo; ilivikwa vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa mpaka ukawa mgumu. Leica M3 ya mwaka wa 1954 nayo ni hivyo hivyo. Kamera nyingi za Japani za miaka ya 1960 zimevikwa plastiki yenye alama za ngozi. Na Polaroid SX-70, ile inayokunjika, ilipotoka mwaka wa 1972 ilivikwa ngozi.

Utajuaje? Tazama mahali palipochanika, ukitumia kioo cha kukuza. Ngozi huonyesha nyuzi nyuzi kama manyoya mafupi, zimekwenda ovyo. Kitambaa kilichopakwa dawa huonyesha nyuzi zilizofumwa. Plastiki haina nyuzi, huvutika. Vulkanaiti huvunjika kama mkaa, vipande vyenye pembe kali. Usijaribu kwa kiberiti kama wengine wafanyavyo. Kamera si kuni, na dawa utakazotumia baadaye hushika moto upesi.

Kujua huku si jambo la mapambo. Dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni, hulegeza gundi nyingi za zamani, lakini huweza kuyeyusha ngozi ya bandia papo hapo. Kwa hiyo kila dawa ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, tone moja kwa ncha ya pamba, ungoje, utazame.

KWA NINI NGOZI HUCHOKA

Ngozi ina mafuta ndani yake, nayo hukauka miaka ikipita, hasa ikikaa juani au karibu na jiko. Mikono ya mwenye kamera huacha jasho na chumvi. Gundi ya chini nayo hukauka ikawa unga. Ndipo pembe huinuka, uchafu huingia, na siku moja kipande chote hubanduka.

Uko ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Ngozi iliyopikwa kwa magome ya miti, ikinyonya moshi wenye salfa, hutengeneza tindikali ndani yake. Mtaalamu Michael Faraday alisema jambo hili huko London mwaka wa 1843, alipoona majalada ya vitabu yameliwa katika chumba kilichowashwa taa za gesi. Ngozi ya namna hiyo hugeuka unga mwekundu unaopaka vidole, na haiponi tena. Ukiipaka mafuta itakuwa nyeusi na ngumu. Wahifadhi wa vitabu huishikiza kwa dawa ya selulosi, kama ile iitwayo Klucel G, iliyoyeyushwa katika spiriti, ili unga usiendelee kumwagika. Kama huna dawa hiyo, iache ilivyo au weka ngozi mpya.

Kwetu pwani, na kando ya ziwa, adui ni kuvu. Kamera huwekwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, mfuko hunyonya unyevu, na kuvu hula ngozi na vioo pamoja. Kuvu isugulie nje ya nyumba kwa brashi laini, pua na mdomo vimefunikwa, kisha kamera ikae kivulini penye upepo. Usiianike juani. Na mfuko ule ukae mbali na kamera.

ANZA NA KIDOGO

Fundi mwema hufanya kidogo kinachotosha. Kama ngozi imeshika vizuri ila ni chafu, tumia brashi kavu kwanza. Kisha kitambaa laini kilichonyeshwa maji na kukamuliwa mpaka kikaribie kukauka, ukipangusa sehemu ndogo ndogo. Usiloweshe. Maji yakipita chini hulegeza gundi, na ngozi ikikauka hunywea, ukabaki na mwanya pande zote. Mwisho paka krimu ya viatu isiyo na rangi, kiasi cha punje ya mtama kwa upande mmoja, uifute mpaka kitambaa kitoke safi. Rangi ya viatu ya maji maji usiiguse. Huziba vinyweleo vya ngozi na kupaka mikono ya mwenye kamera kila anapoishika. Mafuta mengi nayo hupenya mpaka kwenye gundi na kuilegeza.

Kama pembe tu imeinuka, ondoa unga wa gundi kuukuu kwa kijiti, tia gundi mpya kidogo, bana mpaka kesho. Hapo kazi imekwisha. Kubandua kipande kizima kwa sababu ya pembe moja ni kama kuvua bati zote kwa sababu ya tundu moja.

KUBANDUA

Ziko siku ambazo lazima ngozi itoke. Kamera nyingi zimeficha misumari ya parafujo chini ya ngozi, na anayetaka kuifungua hana njia nyingine. Fanya hivi.

Tengeneza kisu butu kutokana na kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika. Kisage kiwe chembamba, kisha kilainishe kwa msasa mpaka kisikwaruze ukucha. Anza penye pembe iliyolegea. Tia tone la spiriti chini yake kwa brashi ndogo, maana gundi nyingi za zamani zilikuwa za shelaki, ile wanayong'arishia maseremala, nayo hulainika kwa spiriti. Ngoja dakika chache. Sukuma kisu kikiwa kimelala juu ya chuma. Gundi ndiyo ikatwe, si ngozi. Ikikataa, tone jingine, ngoja tena. Usivute kwa vidole, kwani ngozi kuukuu haina nguvu ya kuvutwa. Iinamishe kamera ili dawa itiririke kuelekea nje, isiingie kwenye lenzi wala kwenye mitambo, na uangalie isifike penye rangi nyeusi ya chuma, maana spiriti huila.

Kipande kikitoka, andika kwa penseli nyuma yake upande wa juu ni upi. Kilaze kati ya karatasi mbili, weka kitabu kizito juu yake, kisije kikajikunja.

Vulkanaiti sitawashauri mjaribu kuibandua ikiwa nzima. Ikipinda kidogo tu, huvunjika. Kama pameruka kipande kidogo, jaza gundi ya mchanganyiko wa dawa mbili iliyotiwa rangi nyeusi, na kabla haijakauka igandamize kwa kitu chenye mikwaruzo inayofanana na ile ya kamera.

VIPELE VYA ZEISS

Wenye kamera za Zeiss Ikon watakuwa wameona vipele vidogo vimeinua ngozi, kama mtu mwenye surua. Watu wengi hudhani ngozi ndiyo mbovu. Sivyo. Chini ya ngozi kuna rivati, nazo zimeota kutu ya kijani, na kutu hiyo ndiyo inayosukuma ngozi juu. Ukigonga kipele kwa nyundo utatoboa ngozi, na kutu itaendelea.

Dawa yake ni kubandua ngozi mahali pale tu, kukwangua kutu mpaka chuma safi kionekane, kufuta kwa spiriti, na kupaka tabaka jembamba la vanishi au rangi ya kucha isiyo na rangi ili unyevu na gundi visiguse rivati tena. Ngoja ikauke kabisa ndipo urudishe ngozi. Katika karakana twalijua jambo hili: ukipaka rangi juu ya kutu umeificha, hukuiponya.

KUKATA NGOZI MPYA

Ngozi ya mbuzi yafaa kuliko ya ng'ombe, kwa kuwa ni nyembamba na ina nguvu. Pima unene wa ile kuukuu. Mara nyingi ni kati ya nusu milimita na robo tatu. Ngozi nene ikiwekwa, mlango wa kamera hautafunga, au mwanga utapenya na kuharibu filamu. Kama yako imezidi, isugue kwa msasa upande wa nyama, na kingo uzipunguze zaidi ya katikati.

Kupata kipimo, bandika utepe wa karatasi, ule wa kujinata, juu ya chuma kitupu. Pitisha penseli kwenye kingo zote na matundu yote, kisha uuhamishe utepe juu ya ngozi mpya. Kata kwa wembe mpya ukiongozwa na rula ya chuma, mara nyingi kwa wepesi, si mara moja kwa nguvu. Matundu ya duara yapige kwa kipande cha bomba la chuma kilichonolewa mdomo. Kabla ya gundi, jaribu kikavu. Kikizidi punguza, kikipungua kata kingine.

Plastiki kuukuu iliyonywea haivutiki ikarudi. Igawanye ile nafasi iwe sawa pande zote, na chuma kilicho chini ukipake rangi nyeusi. Jicho halitauona mwanya.

Kamera za kukunja zina mfuko wa mikunjo kama akodiani. Ingia katika chumba chenye giza, weka tochi ndogo ndani ya mfuko, utazame penye nyota. Matundu mengi huwa kwenye pembe za mikunjo. Changanya gundi nyeupe na masizi, upake tabaka jembamba mara mbili, likauke mfuko ukiwa umenyooshwa.

GUNDI

Kwa ngozi juu ya chuma, shelaki ni rafiki: hushika vizuri, na fundi atakayekuja baada ya miaka 30 ataweza kuibandua kwa spiriti. Gundi nyeupe ya mbao hukupa nafasi ya kusogeza kipande, lakini ipakwe nyembamba sana, maana ina maji. Ndiyo ifaayo kwa masanduku ya karatasi kama Brownie. Uji wa unga wa ngano usiutumie, mende watakushukuru. Gundi ya fundi viatu hupakwa pande zote mbili, hungojwa mpaka isinate kidoleni, na ikishagusana hakuna kurudi nyuma. Ile gundi kali ya tone moja iacheni kabisa: hufanya ngozi iwe kama mti, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya vioo.

Baada ya kubandika, sugua kwa mpini wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, zungushia karatasi na mipira, acha mpaka asubuhi.

HEWA UNAYOVUTA

Sasa nafika penye jambo la Chama, nami naomba mnisikilize vizuri zaidi ya hapo nyuma.

Gundi za viatu na dawa za kuyeyushia hazikuumiza kamera peke yake. Mwaka wa 1974 daktari Muzaffer Aksoy na wenzake walichapisha habari za washona viatu wa Istanbul, Uturuki, waliokuwa wakivuta mvuke wa benzini, ile ya kemia, katika vyumba vidogo vilivyofungwa. Wagonjwa 26 walikuwa na saratani kali ya damu au dalili za kuikaribia. Huko Japani, katika miaka ya 1960, watengenezaji wa ndara waliotumia gundi yenye heksani walipatwa na ganzi miguuni na mikononi, wengine wakashindwa kutembea. Wengi wao walifanya kazi nyumbani, watoto wakiwa chumba kile kile. Watu hawa hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta mkate wao, na hakuna aliyewaambia kilichomo ndani ya kopo.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 136 juu ya benzini mwaka wa 1971. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007. Sheria hiyo yamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga kwa wanaokabiliwa na hatari, na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama na afya, ambamo wafanya kazi nao wana wajumbe. Nasema hili kwa sababu niliwahi kufanya kazi mahali ambapo viti vilikuwa vikigundishwa katika chumba chenye dirisha moja lililopigiliwa misumari. Tulipoumwa na kichwa tuliambiwa tunywe maziwa. Ndugu zangu, maziwa hayaondoi mvuke. Dirisha ndilo liondoalo.

Basi nyumbani kwako wewe ndiwe mwajiri na wewe ndiwe mfanya kazi, usijidhulumu. Fanyia kazi barazani au penye milango miwili iliyo wazi. Kopo lifunikwe kila baada ya kuchovya. Hakuna sigara, hakuna jiko karibu. Pamba zilizotumika zitolewe nje. Watoto wasikae hapo, na usile kabla ya kunawa. Ukisikia kizunguzungu, toka nje kwanza, kazi itakungoja. Kitambaa puani huzuia vumbi tu, hakizuii mvuke.

BEI NA UKWELI

La mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme ngozi imekugharimu shilingi 200, gundi na spiriti 100, nawe umefanya kazi saa 6. Ukijihesabia shilingi 250 kwa saa, kazi yako ni 1,500, na jumla ni 1,800. Mteja atasema, "Ni kipande cha ngozi tu, chukua 500." Ukikubali, ukitoa 300 za vifaa, umebaki na 200 kwa saa 6, yaani kama shilingi 33 kwa saa. Ujira huo tungeukataa sote katika mkutano huu kama mwajiri angeuleta mezani. Kwa nini tuukubali barazani kwetu? Andika saa zako, umwonyeshe mteja hesabu kabla ya kuanza, na kila mmoja wetu afanye hivyo, tusipunguziane bei kama wachuuzi wanaogombania kituo kimoja.

Lakini haki ina pande mbili. Ukiweka ngozi mpya, mwambie mwenyewe kwamba ni mpya, na ile kuukuu umrudishie katika bahasha. Wanaokusanya kamera hulipa zaidi kwa kitu kilicho na ngozi yake ya asili, hata ikiwa imechakaa. Kwa hiyo muulize kwanza kama anataka itengenezwe au ihifadhiwe tu. Mzee mmoja, mlinzi wa treni aliyestaafu, aliniletea kamera ya kukunja aliyokuwa akiuziwa ushauri na kila mtu: huyu avue yote, yule apake rangi nyekundu. Tulipoitazama kwa utulivu, ilihitaji pembe mbili za gundi na matundu matatu kuzibwa. Kazi ilikuwa ya saa mbili, akalipa ya saa mbili, na wajukuu wake wamepigwa picha kwa kamera iliyowapiga baba zao.

Bwana Mwenyekiti, naomba tawi lifikirie mambo mawili. La kwanza, vijana wetu wafundishwe kazi ya ngozi na wazee wa karakana kabla wazee hao hawajaondoka wote, kwa maana ujuzi haurithiwi kama shamba. La pili, wajumbe wetu katika kamati za usalama waulize juu ya kila kopo la gundi linaloingia kazini: lina nini ndani yake, na dirisha liko wapi.

Nimeleta hapa visu vyangu, vipande vya ngozi na kamera mbili. Anayetaka kujaribu mkono wake aje mbele baada ya mkutano. Madirisha nimekwisha kuyafungua.